Bakuli la Peke Yake

Watu wa bonde letu wanapenda kusifiwa ushujaa. Kaa nao kwenye pombe, utasikia walivyolikabili boma la Mahenge na mikuki na magobore, vifua wazi, huku risasi za Mdachi zikiwamiminikia. Sikatai. Walikwenda kweli, na wengi hawakurudi. Lakini mimi niliwajua wanaume hao kabla hawajanyunyiziwa maji ya dawa, na waliorudi niliwajua baadaye, na nasema bila kumung'unya maneno: hakuwapo hata mmoja aliyethubutu kumshika mtoto wa miaka tisa aliyeanguka kifafa. Mtu mzima na ndevu zake, anamkimbia mtoto!

Walichokiogopa ni povu. Waliamini ugonjwa unakaa mle kwenye povu na mate, ukiligusa tu umekuhamia, au umekufuata nyumbani ukamkamata mwanao. Kwa hiyo mtu akianguka, waliokuwapo walirudi nyuma, wakasimama kumzunguka kwa mbali, wakangoja. "Liacheni likauke," ndiyo kauli yao. Akiangukia kwenye majani, heri yake. Akiangukia kwenye moto, likauke kwanza.

Mama yangu alikuwa mfinyanzi. Tulikaa kijiji cha mtoni, ukitoka Ifakara unaelekea upande wa Idete. Kiangazi, maji yakishuka, tulichimba udongo ukingoni, tukaukanyaga, mama akafinyanga, tukachoma kwa nyasi na maganda ya miti. Vyungu vyake vilijulikana mpaka Mbingu. Lakini kulikuwa na chombo kimoja ambacho hakikuanikwa uani pamoja na vingine, nacho ni kibakuli kidogo chenye pengo mdomoni. Hicho kilikuwa cha mwenye kifafa. Alikula humo peke yake, na lile pengo lilikuwa alama, mwingine asije akakichukua kwa kupitiwa.

Walioagiza kibakuli hicho hawakupita njia kuu. Walizungukia nyuma ya nyumba asubuhi mapema, miguu imelowa umande, wakijitia wanatafuta kuku aliyepotea. Kisha wananong'ona. Mama hakuwauliza ni cha nani. Alifinyanga, akachoma, akakifunga kwenye majani ya mgomba, wakaondoka nacho chini ya nguo. Hivyo ndivyo mama alivyozijua nyumba zote za bonde zilizokuwa na mgonjwa ndani, na hakumwambia mtu yeyote. Ilikuwa heshima ya kazi yake. Mfinyanzi mwenye mdomo nani angemwendea?

Pengo lenyewe lilibonyezwa kwa kidole gumba cha mtoto, udongo ukiwa mbichi bado, maana kidole cha mtu mzima ni kinene, kinapasua mdomo wa bakuli. Kazi hiyo niliifanya mimi nilipokuwa mdogo. Nilipokua ikawa ya mdogo wangu wa kike. Alibonyeza mabakuli ya watu wengi huku akicheka, hajui maana yake. Kisha mwaka mmoja, kabla ya vita, akaanguka mwenyewe.

Alianguka mchana kweupe, tunatwanga mpunga. Alipiga ukelele mmoja, akakakamaa, akaanza kutupa mikono na miguu. Nilitupa mchi nikakimbia. Sijifichi. Nilikuwa msichana mkubwa wa kuposwa, na nilikimbia kama wengine. Mama alitoka mbio na udongo mikononi, akamlaza ubavu, akamfuta povu kwa upindo wa kaniki yake. Wanawake wakashika vichwa, wakasema huyu naye amejimaliza. Kwa miezi walikaa wakimtazama mama, wanangoja aanguke. Hakuanguka. Unadhani walijifunza? Wapi! Walisema lazima ana dawa yake ya siri anawanyima.

Siku ya pili akaja mjomba, kaka yake mama. Baba yetu alikufa safarini, kwenye msafara wa wapagazi, kwa hiyo mjomba ndiye aliyekuwa mkubwa wetu, na ukubwa ulimpendeza. Alikaa mbali na mlango, akakohoa kohozi lake la kikubwa, akasema mtoto apewe bakuli lake na alale chumba chake, kwa faida ya ukoo. Mama hakubisha. Alichukua udongo akafinyanga. Alipofika kwenye pengo alibonyeza kwa kidole chake mwenyewe, mdomo ukapasuka. Akafinyanga jingine, likapasuka. La tatu vilevile. Mdogo wangu alikuwa ameketi pale akimtazama, mwisho akasema, "Mama, lete mimi nibonyeze." Akalibonyeza. Mpaka leo nikilikumbuka jambo hilo roho inaniuma.

Waganga walikula kwetu. Wa kwanza alitoka ng'ambo ya mto Mngeta, akamchanja chale kichwa kizima, akamfunika nguo juu ya moshi mpaka mtoto akazimia, akasema huo ndio uponyaji. Wa pili alisema wa kwanza ni mwongo, akataka jogoo mwekundu. Wa tatu akasema wote wawili waongo, akataka jogoo mweupe. Mmoja tu ndiye aliyekuwa na adabu, bibi kizee wa huko juu milimani, aliyezionja dawa zake mbele yetu kwanza, akampa kwa mwezi mzima, akakaa anamwangalia. Mwisho alisema mizizi yake inawasaidia baadhi ya watu na huyu hayumo. Akarudisha kuku wetu, akaenda zake. Wale watatu walimcheka, wakasema hajui kazi.

Mdogo wangu aliendelea kuanguka, wiki nyingine kila siku, siku nyingine mara mbili. Na siku moja ya mavuno, mama alipokuwa mtoni anachimba udongo, alianguka akikoroga uji, mkono wa kushoto ukaingia katikati ya mafiga. Mjomba alikuwapo. Mkewe alikuwapo. Mimi nilikuwapo. Mjomba alinyoosha mkono kunizuia akasema liache likauke, na mimi, Mungu anisamehe, nikasimama. Niliisikia harufu. Ndipo nikachukua mchi nikamsukuma nao kutoka motoni, kwa mchi, kama mtu anayesukuma nyoka. Vidole vitatu vilikwenda.

Mama aliporudi hakumpigia mtu kelele. Alimfunga mtoto mkono, akamlaza, akatoka nje na lile bakuli lenye pengo, akalipiga kwenye jiwe. Kisha akaniambia mimi peke yangu, mjomba hakumtazama hata kidogo: "Kuanzia leo utakula naye chungu kimoja, au hutakula." Nilikula. Tonge la kwanza lilinikaa kooni. La pili likapita, na kufika mwisho wa mwezi nilikuwa nagombana naye kwa sababu ya ukoko kama zamani.

Hapo mama akaanza kufikiri kwa mikono yake. Alijenga ukuta wa udongo kuzunguka mafiga, kimo cha magoti, na mlango mdogo upande mmoja wa kusukumia kuni. Mtu akianguka, anaangukia ukuta. Ngazi ya dungu aliikata. Kwetu wakati wa mpunga kukomaa watu hukaa juu ya dungu kuwafukuza ndege, na mtoto huko juu ndiko anakopenda. Mama alimfungia kamba ndefu yenye vibuyu vya mawe, akawa anaivuta akiwa chini, na ndege waliruka vilevile. Kisimani hakwenda peke yake. Kulala alilala mapema, kwa sababu mama aligundua akikesha huanguka. Hakufundishwa na mtu. Alikuwa na macho, na aliyatumia.

Basi mama akafanya kosa la kudhani wenzake nao wanataka watoto wao wasiungue. Walipomjia tena nyuma ya nyumba, wanaulizia kuku, aliwaambia: anayetaka bakuli, kwanza nitamjengea ukuta, bure, kwa mikono yangu. Walikataa. Walikataa wote! Ukuta unaonekana, walisema, jirani akiingia kuomba moto atauliza huu wa nini. Bakuli linafichika. Wakaenda kwa mfinyanzi wa Mbingu, ambaye aliwabonyezea mapengo bila maswali. Nataka uelewe vizuri. Chombo cha kuwakinga wao na mtoto walikitembelea siku nzima. Cha kumkinga mtoto na moto walikikataa hata kwa bure. Na hawa ndio wazazi, si maadui.

Habari za misheni tulizipata kwa mtu aliyekwenda kupeleka mbao kule. Ilikuwa mlimani, mwendo wa siku mbili, na alikuwapo bruda mmoja wa Kizungu aliyetibu vidonda na homa. Mjomba alikataa, mama akanituma mimi na mdogo wangu. Bruda alikuwa mtu mkavu, mwenye kiburi, anakuuliza jambo na kabla hujajibu amekwisha jiambia jibu mwenyewe. Alitaka kwanza kujua kama nyumbani tunaabudu mizimu. Lakini alimshika. Mdogo wangu alianguka palepale sakafuni kwake, na yule Mzungu akapiga magoti akamgeuza ubavu kwa mikono yake mitupu, kama mama. Nilimsamehe kiburi chake, nusu.

Alitupa unga mweupe, unafanana na chumvi na una ladha ya chumvi. Kipimo kimoja asubuhi, kimoja jioni, kwenye maji. Asiache hata siku moja, na asiache ghafla kamwe. Na chakula chake kisitiwe chumvi nyingi. Mama aliposikia hilo aliitoa chumvi kwenye chungu chote, maana tulikula pamoja, akasema mmoja akila chapwa na wote tule chapwa. Ungemsikia mjomba alivyolalamika kuhusu samaki wasio na chumvi, ungedhani kapigwa viboko vya akida.

Unga ule ulisaidia. Haukuponya, nisiseme uongo. Toka kuanguka kila siku alifika kuanguka mara mbili tatu kwa mwezi. Alitoka vipele usoni, na mchana alisinzia sinzia, lakini alicheka tena, akajifunza kufinyanga kwa mkono mmoja na nusu. Kila mwezi mpya nilipanda mlima kuchukua unga, nikashuka. Wachumba wawili walinikataa kwa sababu ya safari hizo. Wa kwanza alisema nitamletea povu. Wa pili hata hakusema, alipotea tu. Hasara yao. Mdogo wangu alikuwa anaishi.

Ndipo yakaja maji. Yaliletwa na mtu kutoka pande za Umatumbi, dawa ya kuigeuza risasi ya Mdachi kuwa maji, na sitawacheka watu kwa kumchukia Mdachi. Viboko tuliviona, kodi tuliijua, na baba yangu aliwafia wao barabarani na mzigo wao kichwani. Nawacheka kwa jambo jingine. Siku ya kunyunyiziwa, kijiji kizima kilipanga mstari. Mama alimshika mdogo wangu mkono, wakasimama na wengine. Yule mwenye maji alipoambiwa huyu anaanguka, aliruka nyuma, akaagiza aondolewe hatua nyingi, asije akaharibu dawa. Dawa inayogeuza risasi! Bunduki haiiwezi, povu la mtoto linaiweza. Mimi nilicheka kwa sauti, nikapigwa kofi na mjomba mbele za watu.

Mjomba alikwenda Mahenge na wenzake. Alirudi amebebwa, risasi imepita pajani, na wengi wa kijiji chetu walibaki kule. Alipopata nguvu ya kusema, unajua alisema nini? Hakusema tumedanganywa. Alisema maji yaliharibiwa na mdogo wangu, kwamba kivuli chake kilipita juu ya chungu cha dawa. Na wajane wakakubali. Walituhamisha, wakatuambia tukakae nje ya kijiji kwenye matete. Tulikwenda, na nadhani kuhamishwa huko ndiko kulikotuokoa, kwa sababu askari walipokuja kuchoma walianzia katikati ya kijiji.

Baada ya moto ikaja njaa. Maghala yalikuwa majivu, na mpunga uliosimama shambani askari walikuwa wameukata wakautupa. Tulikula mizizi ya mitoni na mbegu za majani. Mjomba alikufa kwa njaa hiyo, na mama akamzika. Lakini kwetu njaa ilikuwa ya pili. Jambo la kwanza ni kwamba misheni ilikimbiwa na unga ulikwisha. Uliisha ghafla, jambo lile lile bruda alilotukataza. Mdogo wangu alianguka siku ile bila kukoma, anaamka nusu, anaanguka tena, siku mbili mfululizo. Tulipokezana, mimi na mama, kumshika kichwa. Aliposimama siku ya nne hakuwa yule yule. Maneno yalimjia polepole, na aliniuliza mara nyingi mjomba yuko wapi, ingawa alimwona akizikwa.

Walipoacha kupigana, tulirudi kujenga kijijini pamoja na wengine, na bruda naye akarudi, amekonda, kiburi kile kile. Nilipanda mlima kabla hata hajafungua masanduku. Akaniambia hana unga, mpaka utoke Ulaya, na kwa mtoto mmoja hawatauleta. Aliowaandikia wanataka kujua wagonjwa wako wangapi. Nilimwambia wako wengi. Akasema amekwisha uliza vijiji vyote, na kila jumbe ameapa kwamba kwake kifafa hakipo. "Niletee kumi," alisema. "Kumi ninaoweza kuwaona kwa macho, nitaandika barua."

Kumi! Bonde limejaa, na mimi nakwenda kuwaomba watu kumi. Nilizunguka nyumba ninazozijua, zile nilizobonyeza mapengo yao kwa kidole changu. Nilibembeleza. Kila nyumba ilikuwa na uso mkavu. Kwetu hakuna. Labda kwa jirani. Katika nyumba moja mwanamke alikuwa ananiambia hivyo mlangoni, na nyuma yake nawasikia watu wa nyumbani wakimkimbia mgonjwa, na kisigino cha mtoto kinagonga sakafu. Nilirudi nyumbani nimechoka na nina hasira ya kuuma mtu, nikamwambia mama awataje yeye, anawajua wote. Mama alikataa. Alisema mdomo wake haukuumbwa kwa kazi hiyo, na kwamba mtu akikupa siri yake ili umfinyangie, siri ni yake. Nilimwambia basi mwanao afe na heshima yako. Ndivyo nilivyomwambia mama yangu.

Wiki chache baadaye misheni iligawa mbegu za mpunga kijijini kwetu, na watu wote walikuja, hata wa mbali, kwa sababu njaa haina aibu. Bruda alikuwapo. Kabla ya kugawa alisimama akauliza kwa Kiswahili chake kigumu, nani ana mgonjwa wa kifafa nyumbani. Watu wakatazama miguu yao. Mdogo wangu alikuwa ameketi pembeni, mkono wake ulioungua umekunjwa, na yeye peke yake ndiye aliyenyoosha mkono, ule mzima. Kuona hivyo kulinitia wazimu. Nilisimama nikaanza kuwataja. Nyumba ya mwisho kijijini, binti wa kwanza. Nyumba ya fundi wa mitumbwi, mama mkwe. Nyumba ya jumbe mwenyewe, mtoto wa kiume amefichwa ghalani. Watu walinizomea, mwanamke mmoja akanirushia udongo, nikaendelea. Nilifika saba nikakwama, kwa sababu waliobaki walibonyezewa na mdogo wangu na mimi sikuwajua. Bruda alikuwa amenyoosha vidole saba.

Mama aliinuka. Sijawahi kumwona amezeeka vile. Aliwataja watatu, taratibu, akiwaangalia wenyewe machoni, na baada ya kila mmoja alisema, "Nisamehe." Kisha akaketi akajifunika kaniki yake. Tangu siku ile hakuna mtu aliyemwagiza chungu. Binti mmoja kati ya wale niliowataja, uchumba wake ulivunjika jioni ile ile, na hilo ni langu, nimelibeba. Lakini bruda alikwenda kuwaona kwa macho yake, na barua iliandikwa.

Unga ulifika baada ya masika. Bruda hakuweza kushuka kila wiki, kwa hiyo alinifundisha mimi: nipime kwa kijiko cha pembe alichokichonga mwenyewe, nimsawazishie kila mtu kiasi chake, niangalie vipele na usingizi, nimpe habari. Nikawa mgawaji wa bonde. Walionizomea walikuja na vibuyu vyao, sasa kwa njia kuu, maana siri ilikuwa imekwisha pasuka, walikuwa wanamficha nani? Na kwa kuwa haifichiki, wakataka na ukuta. Mama, waliyemsusia vyungu, alizunguka nyumba baada ya nyumba akijenga kuta kwenye mafiga yao, hakumkumbusha mtu neno lake la nyuma. Mimi ningewakumbusha. Niliwakumbusha, kwa kweli, kila nilipopata nafasi.

Baadhi walipona hata usingedhani waliwahi kuumwa. Mmoja alikuwa binti mdogo wa jirani yetu, yule mwanamke aliyenirushia udongo. Kabla ya unga alikuwa akianguka kila baada ya siku chache. Baada ya unga ukapita msimu mzima wa kulima na wa kuvuna, hajaanguka hata mara moja. Alinenepa. Mama yake alimpaka mafuta akampitisha mbele ya nyumba yetu kila siku aende kisimani, kama mtu anayetembeza ng'ombe wake mzuri.

Mdogo wangu unga haukumsaidia tena. Bruda aliongeza kipimo, mtoto akawa anapepesuka na kulala mchana kutwa. Akapunguza, akaanguka mara tatu kwa siku. Akaongeza, akabadili saa, akamkataza chumvi kabisa, akamkataza hiki na kile. Mwisho alikuja mwenyewe, akakaa kwenye kigoda chetu, akavua kofia, akasema hajui. Alisema wapo ambao dawa haiwashiki na hajui sababu. Ndiyo siku niliyomheshimu. Nilimpenda zaidi na ile "sijui" yake kuliko na kiburi chake chote.

Tuliendelea kumlea kwa njia za mama. Ukuta, usingizi, mtu wa kwenda naye. Aliishi miaka minne zaidi. Alifinyanga vyungu vidogo vya kuchezea watoto, vya ovyo ovyo, akawapa watoto wa watu, na watoto wakavichukua wazazi wasipoona.

Alikufa kiangazi, nilipokuwa nimekwenda kugawa unga upande wa Mbingu. Mama alikuwa na homa, hakuweza kutoka. Mdogo wangu aliomba kwenda na wanawake wanaokwenda kufua kwenye dimbwi lililobaki pembeni ya mto, na wakakubali atembee nyuma yao. Maji ya dimbwi lile yalikuwa ya kifundoni. Kuku angevuka. Alianguka kifudifudi. Wanawake walikuwa watano, wakarudi nyuma mpaka mchangani, wakasimama wakangoja. Aliyekuwa karibu naye kuliko wote ni yule jirani, mama wa binti aliyepona. Alikuwa karibu kiasi cha kumshika kwa mkono bila kupiga hatua.

Sikumfuata kumuuliza. Alikuja mwenyewe siku ya tatu ya msiba, asubuhi, na kibuyu chake, kwa sababu unga wa mwanawe ulikuwa umekwisha na mimi nilikuwa nimemfundisha usikatishwe hata siku moja. Binti alikuwa naye, amepakwa mafuta. Yule mwanamke aliketi kwenye mkeka akanipa pole, akalia, na nadhani alilia kweli. Kisha akanieleza, kwa upole, kama mtu anayejua kwamba mwenzake ataelewa.

"Dada, mwanangu ndiyo kwanza amepona. Ningemshika mdogo wako, ningeurudisha ugonjwa nyumbani kwangu."

Nilitaka kuumwaga unga wote mchangani mbele yake, nimwambie asubiri ukauke. Mama alikuwa amelala nyuma yangu, ananisikia. Binti akanyoosha kibuyu kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, akasema shikamoo. Nikaitikia. Nikachukua kijiko, nikachota, nikakisawazisha kwa kidole, nikampimia wa mwezi mzima.